Bwawa Hupimwa Alfajiri

Dar es Salaam haina ziwa. Shemeji yangu wa Mwanza hachoki kunikumbusha hilo kila tukikutana, iwe harusini au msibani: nyie wa Pwani mna chumvi tu, maji ya kupikia mnanunua kwa madumu. Utani wa shemeji haujibiwi kwa hasira. Mimi humuuliza habari za Mto Mirongo, ule unaokatiza katikati ya mji wao na kumimina ziwani kila ulichobebeshwa njiani, naye huanza ghafla kuulizia bei ya samaki Feri.

Ila maziwa tunayo. Hayamo kwenye ramani za shule, na mengi hatukurithi kwa mababu, tumechimbiwa na matipa. Kuanzia Kunduchi kupanda Tegeta hadi Boko, ardhi imechimbwa kokoto, chokaa na mchanga kwa miongo mingi, na mashimo yaliyoachwa wazi yalingoja masika yakajaa. Kuna mabwawa ya majitaka Vingunguti, Kurasini, Lugalo na pale Chuo Kikuu, Mlimani. Kuna Bonde la Msimbazi, ambalo miezi mingi ni mto mwembamba wa kuvuka kwa kukunja suruali, na siku chache za mwaka ni ziwa kamili lenye mapaa ya nyumba juu yake. Jiji lenye watu 5,383,728 kwa sensa ya mwaka 2022 lina maji mengi yaliyosimama, na hakuna anayeuliza hali ya maji hayo mpaka yanuke, yazamishe mtoto au yaingie sebuleni.

Mtaani kwetu, upande wa Tegeta, lipo moja. Ni shimo la kokoto la zamani, ukubwa wake kama viwanja viwili vya mpira, na kila mtu analiita bwawani, basi. Vijana huosha bodaboda ukingoni. Fundi wa matofali huchota maji yake. Yangeyange hulala kwenye mkwaju ulioegemea upande wa mashariki, na mdiria mmoja wa buluu hukaa kwenye nondo iliyochomoza majini utadhani kaajiriwa kulilinda. Kila baada ya muda mfupi kikao cha mtaa hurudia hoja ileile: tulifukie au tuliache. Akina mama wengi wanataka lifukiwe, na siwalaumu. Kila masika habari za watoto kuzama kwenye mashimo ya namna hii husikika redioni.

Mimi nimo kwenye kundi la tuliache, na sababu yangu ya kwanza haikuwa ya kisomi. Nafuga perege na kambale kwenye mabwawa ya zege nyuma ya nyumba, na mtu anayefuga samaki hawezi kupita kando ya maji bila kuyatazama kwa jicho la mfanyabiashara. Ndivyo nilivyoanza kupima bwawa letu kwa kifaa ambacho vijana wa bodaboda wanakiita sahani ya dada.

Sahani yenyewe ni mfuniko wa ndoo ya rangi niliokata ukawa duara la sentimita 20, nikagawanya robo nne, mbili nyeupe mbili nyeusi, nikaufunga nati kubwa chini na kamba yenye mafundo juu. Unaishusha majini mpaka ipotee machoni, unahesabu mafundo. Kifaa hiki kina historia ya heshima. Mwaka 1865 padri Mjesuiti wa Italia, Angelo Secchi, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza nyota, alipanda meli ya Papa na kushusha masahani kwenye bahari ya Mediterania ili kujua maji yanapitisha mwanga kiasi gani. Tangu hapo wanasayansi wa maziwa dunia nzima wanatumia sahani yake, hata wenye mashine za mamilioni, kwa sababu haina betri ya kuisha wala programu ya kusasisha.

Kwetu sahani hupotea kabla mkono wangu haujalowa hadi kiwiko. Maji ni ya kijani kizito, ile rangi ya mlenda wa juzi.

Yupo mzee mmoja ambaye huvua pale kwa ndoano tangu shimo lilipojaa. Siku moja alinikuta nimechuchumaa na kamba yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo limesemaje?"

"Linasema halioni mbali."

Akacheka. Akaniambia zamani alikuwa akipata perege wa kujaa kiganja, siku hizi ni kambale tu, na kambale, kwa maneno yake, hana adabu, anaishi popote. Mzee huyo hajasoma ikolojia, lakini maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo sijayasikia. Kambale ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu. Maji yakikosa oksijeni anapanda, anameza hewa, anarudi chini. Perege ni mvumilivu kuliko samaki wengi, lakini hana kiungo hicho. Ukisikia bwawa limebaki na kambale peke yake, ujue kuna saa ambapo maji yale hayana pumzi.

Saa hiyo ni alfajiri. Jambo hili kila mfugaji wa samaki analijua, na karibu kila mtu anayekuja kukagua maji halijui, au halimfai kwa ratiba yake. Maji ya kijani yamejaa mwani, vijimea vidogo visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho. Mchana, jua likiwaka, vijimea hivyo hutengeneza oksijeni kwa wingi, wakati mwingine kuliko kiwango ambacho maji yanapaswa kubeba. Jua likizama kiwanda kinafungwa, lakini walaji hawafungi midomo. Mwani wenyewe unapumua, samaki wanapumua, na bakteria wanaoozesha tope la chini wanapumua kuliko wote. Usiku kucha wanatumia akiba. Ikifika saa kumi na moja alfajiri, akiba inaweza kuwa imekwisha.

Sisi wa Pwani tunaanza mchezo huu tukiwa tumeshafungwa bao. Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi: kwenye nyuzi 10 lita moja ya maji yasiyo na chumvi inaweza kubeba zaidi ya miligramu 11, kwenye nyuzi 30 inabeba kama saba na nusu tu. Samaki wengi huanza kutaabika ikishuka chini ya tano. Kwa hiyo ziwa la Ulaya lina nafasi ya kukosea ambayo bwawa la Tegeta halina. Yakija mawingu mfululizo, kama mwezi wa nne, mwani unakosa jua la kufanyia kazi lakini unaendelea kupumua. Ndipo unaamka unakuta samaki midomo juu, wanahema, na jua likichomoza wengine wameelea. Watu husema mtu katia sumu. Mara nyingi hakuna aliyetia chochote usiku ule. Kilitiwa miezi mingi nyuma, kidogokidogo, na kila mtu.

Mfugaji mwenzangu wa Goba aliniazima mita yake ya oksijeni. Alasiri bwawani kwetu namba ilipita hata kiwango ambacho maji ya joto lile yalipaswa kushika. Kesho yake, kabla ya adhana ya alfajiri, ilikuwa inaambaa karibu na sifuri. Bwawa lilelile. Mtu akija saa nne asubuhi na kamera na fulana za kampeni, atapima, ataridhika, ataondoka.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na usafi wetu wa jiji, ingawa naufanya. Jumamosi ya mwisho wa mwezi natoka na fagio kama wengine. Na nakiri jambo moja la serikali lilifanikiwa kweli: tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, ile rambo nyeusi iliyokuwa inapepea kwenye kila mchongoma imepungua mno. Chupa bado zipo, lakini wapo vijana wanaoziokota kwa kilo, soko linazifuata. Ukingo wa bwawa letu leo ni safi kuliko ulivyokuwa miaka kumi iliyopita. Maji yake ni mabaya zaidi. Vitu hivi viwili vinawezekana pamoja, na ukimweleza hivyo mtu aliyeshika fagio anakuona mchawi.

Chupa inachukiza macho, na mnyama anaweza kudhurika nayo, lakini chupa haimlishi mwani. Kinachomlisha ni fosforasi na naitrojeni, na hivi havionekani. Wanasayansi waliwahi kubishana vikali ni kipi hasa kinachogeuza ziwa kuwa kijani, na viwanda vya sabuni vilikuwa na maslahi kwenye ubishi huo, maana sabuni zao zilikuwa na fosforasi. Mwaka 1973, huko Ontario, Kanada, David Schindler na wenzake walichukua ziwa dogo lililopewa namba tu, Ziwa 226, lenye kiuno chembamba katikati, wakalikata kwa pazia la plastiki kutoka juu hadi chini. Nusu moja wakaitia kaboni na naitrojeni. Nusu ya pili wakaitia hivyohivyo, wakaongeza fosforasi. Picha iliyopigwa kutoka angani haihitaji maelezo: upande mmoja maji meusi ya kawaida, upande wa pili kijani tupu, pazia likiwa mpaka. Baada ya hapo ubishi kuhusu sabuni ulipoa.

Sasa, fosforasi ya bwawa letu inatoka wapi? Hakuna mashamba makubwa karibu. Kuna bustani chache za mchicha na matembele, zinatiwa samadi ya kuku. Kuna povu la kuoshea bodaboda. Lakini chanzo kikubwa ni sisi wenyewe. Mtu mmoja hutoa takribani nusu kilo ya fosforasi kwa mwaka, sehemu kubwa kwenye mkojo, na kilo moja ya fosforasi inaweza kukuza hadi kilo 500 za mwani mbichi. Piga hesabu ya nyumba moja ya wapangaji, vyumba vinane, choo kimoja uani.

Naingia kwenye choo basi, maana huko ndiko afya ya maji ya Dar inakoamuliwa. Sehemu kubwa ya nyumba za jiji hili hazijaunganishwa na mtandao wa majitaka. Tuna vyoo vya shimo na makaro. Shimo likijaa kuna njia za heshima: unaita gari la kunyonya, linalipwa kwa tripu, linakwenda kumwaga kwenye mabwawa yanayohusika. Lakini gari halipiti kwenye uchochoro wa upana wa mabega, na bei ya tripu ni sehemu nono ya kodi ya chumba. Zipo pampu za mkono zinazoweza kuingia kwenye vichochoro, ila ni chache. Wapo vijana wanaoshuka na ndoo usiku baada ya kumwaga mafuta ya taa kuua harufu, kazi ambayo simwombei mtoto wa mtu. Na ipo njia ya bure: kutapisha.

Aliyeishi Dar hahitaji kufafanuliwa. Mwenye nyumba anatoboa ubavuni mwa karo, anaziba kwa tambara au bomba lenye kifuniko, anangoja mvua. Masika ikishuka kwa kishindo usiku, kifuniko kinatolewa, kila kitu kinaondoka na maji ya mvua kupitia mtaro, na asubuhi kila jirani anaziba pua na kumtazama mwenzake. Wenyeviti wa mitaa hutangaza faini kila mwaka. Sijaona mtaani kwetu aliyetozwa, kwa sababu shahidi angelazimika kuwa na choo chake kisicho na tundu.

Mtaro wetu unaishia bwawani. Hakuna mahali pengine pa kuishia, ndiyo tabia ya shimo.

Wapangaji wanatupiwa lawama kwa jambo hili, nami sikubaliani. Mpangaji hachimbi choo, hana sauti ya kuita gari, na anahama kila mkataba ukiisha. Anayetoboa karo ni mwenye nyumba, mtu anayeheshimika, anayekaa mstari wa mbele kikaoni na kuzungumza kwa uchungu kuhusu vijana wanaotupa chupa bwawani. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema, ila wetu hawa wamekuta njia ya kuficha maradhi kwenye mwili wa mwingine.

Kuna swali ambalo huulizwa nikishaeleza haya: mbona basi mabwawa ya majitaka ya Vingunguti na ya Mlimani nayo ni ya kijani, na ndiyo yanayosafisha? Swali zuri sana. Kijani peke yake si ugonjwa. Mabwawa yale yamejengwa kwa makusudi ili uozo na mwani vifanye kazi kwa zamu. La kwanza ni refu kwenda chini, halina hewa, bakteria wa gizani wanavunja uchafu mzito na kuacha tope chini. La kati lina mwani juu na giza chini. Mwani unatoa oksijeni, bakteria wanaitumia kumalizia kazi. Ya mwisho ni ya kina kifupi, jua linapenya na kuua vijidudu vya maradhi. Hakuna mota, hakuna umeme, ni jua la Dar ambalo hatulipii. Lakini mtambo huo unataka masharti: kila bwawa lipate mzigo wake kwa kipimo, majitaka yakae siku za kutosha, na tope liondolewe likijaa. Bwawa letu linafanya kazi hiyohiyo bila masharti hata moja. Limeajiriwa kwa nguvu kuwa mtambo wa majitaka, na wakati huohuo tunataka liwe la samaki, la matofali na la watoto kuogelea.

Pale Chuo Kikuu wametafiti kwa miaka mingi pia mabwawa ya changarawe yaliyopandwa matete, maji yakipita taratibu kati ya mizizi. Nililipeleka wazo hilo kikaoni kwetu kwa ajili ya mdomo wa mtaro. Kijana mmoja, nia yake njema kabisa, akasema kwa nini tusipande magugu maji, kaona mtandaoni yanafyonza uchafu na yana maua mazuri. Hapo nilimkumbuka shemeji. Magugu maji asili yake Amerika ya Kusini. Yalionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 yakafunika ghuba na bandari, mitumbwi ikashindwa kutoka, chini yake maji yakakosa mwanga na hewa. Waliyapunguza kwa kuleta fukusi wadogo wa jamii ya Neochetina wanaoyatafuna, na hali ya hewa ya mwaka 1997 na 1998 ikachangia. Hayajaisha hadi leo. Ni kweli yanafyonza. Tatizo ni kwamba yasipovunwa yanakufa, yanazama, na kila yalichofyonza kinarudi kwenye maji pamoja na uozo mpya. Hata matete yana deni hilohilo: lazima mtu ayakate na kuyatoa. Kijana akauliza nani atakata. Hakuna aliyejibu, na nilimheshimu kwa swali hilo kuliko kwa maua.

Wale wanaotaka matumaini hupenda hadithi ya Ziwa Washington, kule Seattle, Marekani, nami naipenda. Katikati ya karne iliyopita vitongoji vilivyolizunguka vilijenga mitambo ya majitaka, yote ikamwaga ziwani. Maji yalikuwa yamesafishwa kiasi, yaani hayana maradhi, lakini fosforasi ilibaki. Mwaka 1955 watafiti wa chuo kikuu cha pale waliona aina ya sayanobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa jua kama mwani, Oscillatoria rubescens, ambayo ilishawahi kutangulia kuharibika kwa maziwa ya Ulaya. Mwanasayansi wao, W. T. Edmondson, alikubali kufanya jambo ambalo wasomi wengi hulikwepa: alieleza hadharani kitakachotokea, na kwa lugha ambayo mpigakura anaelewa. Mwaka 1958 wananchi wakapiga kura kuunda chombo cha kushughulikia majitaka ya eneo zima. Kati ya 1963 na 1968 mabomba yote yakageuzwa mbali na ziwa. Sahani ya Padri Secchi, iliyokuwa ikipotea kwenye kina cha mita moja hivi, ilianza kushuka mita tatu, na kuanzia mwaka 1976, viroboto maji wanaokula mwani walipoongezeka, maji yakawa angavu zaidi kuliko mtu yeyote alivyotarajia.

Nimeikariri hadithi hiyo. Lakini ziwa hilo lina kina cha mita 65 na mito inayolisuuza. Inayotuhusu sisi ni ya Trummen, ziwa dogo la mjini Växjö, Uswidi, lenye kina cha mita mbili tu, mahali pengi hata hazifiki. Nako majitaka yalizuiwa, mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakangoja. Miaka kumi ikapita, ziwa bado supu ya kijani, kwa sababu tope la chini lilikuwa limeweka akiba ya fosforasi ya miongo yote, na kila oksijeni ilipokwisha chini, tope liliachia kiasi kuwalisha mwani upya. Ikabidi mwaka 1970 na 1971 walifyonze tope lenyewe, unene wa kama mita moja kwa jumla. Hapo ndipo ziwa lilipofumbua macho.

Hii ndiyo hofu yangu kwa Msimbazi pia. Mto huo unatoka kwenye vilima vya Pugu, unatembea kilomita 35 hivi, unapita kwenye viwanda, machinjio, bustani za mchicha na nyumba za mabondeni, unaingia baharini penye mikoko ya Selander. Watafiti wamekuta metali nzito, risasi na kromiamu zikiwemo, kwenye udongo na mboga za bonde lake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na baadhi ya waliopoteza nyumba wakapelekwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde: kupanua na kuchimba mkondo, daraja jipya la Jangwani, kuhamisha wakazi kwa fidia, na bustani kubwa ya jiji mahali pa nyumba. Mradi mzuri, na aliyewahi kukwama Jangwani kwenye daladala maji yakiwa magotini hataupinga. Lakini mkondo uliopanuliwa unapitisha maji kwa kasi zaidi tu. Haubadilishi kilichomo ndani yake. Bustani ikifunguliwa kabla ya makaro ya Kigogo, Tabata na Vingunguti kupata pa kwenda, tutakuwa na benchi zuri la kukalia ukinusa.

Turudi Tegeta, kwenye hoja ya kufukia. Hesabu ya wanaotaka kifusi haijakaa sawa, na niliwaambia. Shimo lile linapokea maji ya mitaa kadhaa. Ukilijaza, maji hayafi, yanatafuta shimo lingine, na la karibu ni vyumba vya kota za chini. Boko Basihaya wanajua maana ya maji yasiyo na pa kwenda. Kwa upande wa watoto, hoja ya akina mama haina jibu isipokuwa uzio, na uzio ni mabati na mirunda, vitu vyenye bei inayojulikana hardware. Nilishangaa jinsi kikao kilivyokubali uzio haraka kuliko kilivyokubali neno choo.

Hoja yangu ya mwisho ndiyo iliyozua kelele. Nilipendekeza nyumba zote zinazomwaga kwenye mtaro ule zichange mwezi wa pili, kabla ya masika, tuite magari ya kunyonya kwa pamoja kwa siku mbili mfululizo, maana dereva akihakikishiwa tripu nyingi mahali pamoja bei hujadilika. Kwa nyumba za uchochoroni, tukodi pampu ya mkono na tuvute hadi barabarani. Na kila karo likishanyonywa, fundi azibe tundu la ubavuni kwa zege, si tambara, mjumbe akiwa amesimama pale. Mzee wa mstari wa mbele aliniuliza kama namtuhumu mtu. Nikasema, la hasha baba, nazungumzia tundu, sijamtaja mwenye tundu. Ukumbi ukaangua kicheko, naye akacheka, kidogo.

Mwenyekiti ameweka daftari kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kurasa mbili: moja ya michango ya uzio, nyingine ya kunyonya makaro. Ya uzio imejaa majina hadi pembeni. Ya makaro ina jina langu, la mwenyekiti mwenyewe, la msikiti, na la yule mzee wa ndoano, ambaye ni mpangaji na hana choo chake, ila kaandika kwamba atachangia nguvu kazi na anataka perege wake warudi. Wengine wanapita, wanasoma, wanauliza kwanza kama jirani yao kashaandika. Mwezi wa pili haujafika.